Mlingoti una namba, lakini namba ipi?

Ukiushika mlingoti wa ubao wa tanga, yaani windisafingi, utakuta umeandikwa mambo matatu makubwa. Urefu, tuseme sentimita 460. Ukakamavu, tuseme IMCS 25. Halafu, kwa herufi zinazoonekana ukiwa mbali, asilimia ya kaboni: 30, 55, 75, 100. Mnunuzi anaona namba tatu na kudhani kapewa kila kitu. Hajapewa. Namba inayoamua kama mlingoti huo utaelewana na tanga lake mara nyingi haipo, na sioni sababu nzuri ya watengenezaji kuiacha.

Fizikia kidogo, msikimbie

IMCS hupimwa hivi. Mlingoti unalazwa juu ya vishikizo viwili, kimoja kwenye ncha na kingine kwenye shina. Katikati unaning'inizwa mzigo wa kilo 30. Unapima pale katikati pameshuka sentimita ngapi, kisha unagawanya urefu wa mlingoti kwa namba hiyo. Mlingoti wa sentimita 460 ukishuka sentimita 18.4, jibu ni 25. Namba ikiwa kubwa, mlingoti ni mkakamavu zaidi. Ni kipimo kizuri: rahisi, na hakihitaji maabara.

Kasoro ni kwamba namba hiyo inaangalia nukta moja tu. Milingoti miwili inaweza kushuka 18.4 katikati, lakini mmoja ukapinda zaidi kuelekea nchani na mwingine ukapinda kwa usawa. Ndiyo maana kipimo kamili kinachukua nukta mbili zaidi: robo ya kwanza kutoka shina na robo ya mwisho karibu na ncha. Kushuka kwa kila robo kunaandikwa kama asilimia ya kushuka kwa katikati.

Chukua bomba lenye unene uleule mwanzo hadi mwisho. Hesabu ya boriti inayosomwa mwaka wa kwanza wa uhandisi inakupa asilimia 68.75 kila upande, kwa hiyo tofauti ni sifuri. Mlingoti si bomba la hivyo, unachongoka kuelekea juu. Robo ya ncha itashuka, mathalani, asilimia 76, na ya shina 64. Toa: 12. Hiyo 12 ndiyo namba ya mpindo. Kati ya 10 na 12 tunasema mpindo ni wa wastani. Ikipungua sana, mlingoti una ncha ngumu. Ikizidi sana, una ncha laini.

Tanga linajali nini?

Kwa tuliozoea ngalawa na majahazi, hapa pana jambo la kuzoea upya. Kwenye jahazi, tanga hufungwa kwenye foromali, na mlingoti kazi yake ni kubeba. Kwenye ubao wa tanga hakuna foromali. Mlingoti unaingia ndani ya ala iliyoshonwa kwenye ukingo wa mbele wa tanga, na ukingo huo umekatwa kwa mviringo maalumu. Ukivuta ile kamba ya chini kwa nguvu, mlingoti unalazimika kupinda kufuata mkato huo. Hapo ndipo tumbo la tanga linapokaa mahali pake, na kule juu ukingo wa nyuma unalegea kidogo. Ulegevu huo si uzembe wa fundi. Dharuba ikija, sehemu ya juu inajisokota na kumwaga upepo kabla mikono yako haijang'oka.

Sasa weka mlingoti wa ncha laini kwenye tanga lililokatwa kwa ncha ngumu. Juu linalegea mapema mno, chini bado lina tumbo. Ukivuta kamba zaidi ili kupunguza tumbo, juu ndo linazidi kufa. Geuza: mlingoti wa ncha ngumu kwenye tanga la ncha laini. Juu linabaki limekaza, halimwagi upepo, na kila dharuba inaishia mabegani. Anayejifunza hawezi kujua hilo. Anajua tu kwamba anaanguka, na anajilaumu mwenyewe.

Lawama iko wapi

Hoyle Schweitzer na Jim Drake walipoomba hataza ya ubao wao huko California mwaka 1968, shida hii haikuwepo: ubao, mlingoti na tanga vilibuniwa pamoja kama kitu kimoja. Ilikuja chapa zilipoongezeka na kila mbunifu akachagua njia yake. Kwa miaka mingi NeilPryde walijulikana kwa ncha laini, MauiSails kwa ncha ngumu, Severne kwa mpindo wa wastani. Hilo silipingi. Mbunifu ana haki ya kuchagua.

Ninachopinga ni kubadilisha bila kuandika. Miundo inabadilika mwaka hadi mwaka huku jina kwenye tanga likibaki lilelile. Chapa kadhaa zimesogea kuelekea mpindo wa wastani, na hiyo ni habari njema kwa anayenunua vipya. Lakini tanga la zamani halifi siku toleo jipya linapotoka. Linauzwa mtumba, na anayelinunua analinganisha chapa na chapa, basi, anaamini yuko salama.

Ushauri wa kawaida ni "tumia mlingoti wa chapa yetu." Una ukweli ndani yake, maana tanga lilijaribiwa na mlingoti huo. Ila ni ushauri usiotoa sababu, na asiyepewa sababu hawezi kukagua. Unifiber wamejitahidi kupima milingoti ya wengine na kutoa majedwali ya kulinganisha, na wanastahili sifa. Lakini nao wanauza milingoti. Si sawa mnunuzi amtegemee muuzaji mmoja ili aelewe bidhaa za wauzaji wengine.

Na ile kaboni? Inakuambia mengi kuhusu uzito, na jinsi mlingoti unavyorudi haraka ukishapinda. Kuhusu umbo la mpindo haikuambii kitu. Kuuza mlingoti kwa asilimia ya kaboni ni kama kuuza viatu kwa kusifia ngozi bila kutaja saizi.

Kuna atakayesema watu wengi hawataisikia tofauti. Kwa kiasi fulani ni kweli. Urefu ni wa kwanza, ukakamavu wa pili, mpindo wa tatu, na tofauti ya alama mbili tatu unaweza kuirekebisha kwa kamba. Lakini kati ya ncha ngumu kabisa na ncha laini kabisa, hakuna kamba itakayokuokoa.

Pima mwenyewe

Unganisha vipande vya mlingoti, ulaze juu ya meza mbili zenye matambara, ncha huku na shina kule. Nyoosha uzi kati ya vishikizo. Pima umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye mlingoti katika robo, nusu na robo tatu. Kisha ning'iniza katikati, taratibu na kwa mkanda mpana, dumu la lita 20 na la lita 10 yaliyojaa maji. Hizo ni kilo 30 na ushee kidogo wa plastiki. Pima tena, toa vipimo vya kwanza, piga hesabu. Nusu saa haiishi.

Kama kazi hii inawezekana kwa madumu mawili na futikamba, kiwanda hakiwezi kusema ni ngumu. Tunachodai ni namba moja tu zaidi kwenye mlingoti, na namba hiyohiyo kwenye tanga pamoja na mwaka wa toleo. Wino upo tayari. Si umetosha kuandika kaboni?