CBR ya kukisia: sura moja ya memwari ambayo sikuikubali yote

Rafiki yangu mmoja wa jenia sivili alinitumia sura ya 3 ya memwari yake: "Ndugu, wewe ni mutu wa udongo, soma hii uniambie ukweli." Anataka kupata CBR ya udongo wa chini ya barabara bila kupima CBR yenyewe. Anachukua vipimo vidogo vya labo, kuchekecha, limiti za Atterberg na Proctor, anaviingiza mu regresiyo, njo namba inatoka. Kazi za namna hii tunazisoma sana kati yetu. Ninaiongelea hapa juu barabara zinazosubiri hizo namba ni zile zinazotoa mihogo na maharagwe kijijini. Kamyo ikilala siku tatu mu potopoto, si enjenia anayepoteza, ni mama mwenye mifuko.

Ninaelewa kwa nini watu wanakimbia CBR. Kipimo hiki kilitoka California mwishoni mwa miaka ya 1920, na O. J. Porter. Udongo unashindiliwa ndani ya kopo la chuma, unalowekwa mu maji siku 4, kisha pistoni yenye kipenyo cha karibu mm 50 inausukuma polepole, mm 1,27 kwa dakika. Nguvu ya kufika mm 2,5 inalinganishwa na ile ya mawe mazuri yaliyopondwa, kN 13,2. Inaomba mifuko ya udongo, mashine, na uvumilivu. Limiti za Atterberg zinaomba kiganja tu cha udongo. Tena Atterberg mwenyewe alikuwa mtu wa kilimo, Msweden, aliyeandika juu ya plastisite ya udongo wa mfinyanzi mwaka wa 1911. Kwa hiyo sisi ba agronome tusiambiwe kwamba tunaingilia nyumba ya watu.

Fomula ambayo rafiki yangu anaegemea ni ile ya mwongozo wa Marekani wa 2004, NCHRP 1-37A: CBR = 75 / (1 + 0,728 × wPI). wPI ni kipimo cha plastisite (IP) mara sehemu ya udongo inayopita chekecheo la mm 0,075. Iko na akili. IP inapimwa kwenye chembe ndogo tu, kwa hiyo lazima uulize chembe hizo ni ngapi ndani ya udongo mzima. Udongo wenye asilimia 70 ya chembe ndogo na IP ya 30 unapata wPI ya 21, na CBR ya karibu 4,6. Udongo mbaya, unaeleweka. Mpaka hapo niko pamoja naye.

Shida inaanza tukiuliza: udongo wa nani? Sampuli zake zingine zilitoka kwenye udongo wa volkano, sawa ule wa Masisi na Rutshuru. Mwenye kulima kule anaujua: mweusi, mwepesi, unakunywa maji sana. Ndani yake kuna alofani, na ukiukausha haurudi tena vile ulivyokuwa, hata ukiuongezea maji. Plastisite inashuka. Yeye aliandika kwamba sampuli "zilikaushwa mu etuve kabla ya limiti". Basi IP aliyoipima ni ya udongo ambao hauko chini ya barabara yoyote! Fomula itamwambia kwamba udongo ni mzuri, kumbe ni etuve iliyousema vile. Udongo mwekundu nao una mtego wake. Chuma kinagandisha chembe za mfinyanzi pamoja, udongo unajifanya mchanga. Ukiukanda sana na kisu, gandi linavunjika na limiti inapanda. Watu wawili wa labo, mikono miwili, IP mbili. Brazil waliliona zamani: Nogami na Villibor walitengeneza mwaka wa 1981 uainishaji wa udongo wa tropiki, MCT, usiotegemea limiti za Atterberg. Mu sura nzima sikuona mstari hata mmoja juu yao.

Kisha hesabu. Sampuli 12, vigezo 6: chembe ndogo, LL, LP, IP, maji ya Proctor na densite ya Proctor. Lakini IP ni LL kutoa LP, ni mtu mmoja amevaa makoti mawili, kimoja kitoke. Vinabaki 5. Sasa, ukichukua namba za bahati nasibu tu, vigezo 5 juu ya sampuli 12, R² ya wastani inatoka karibu 0,45 bila udongo wowote. Yeye ana 0,80 na anafurahi. Ukiirekebisha kwa idadi ya vigezo inashuka mpaka 0,63, na hapo hakuna hata sampuli moja iliyowekwa pembeni ili kujaribu fomula. Nami nisijifanye mtakatifu: mu TFC yangu nilifanya hivyo hivyo na maji ya udongo, na jury ilinipigia makofi.

Jambo la Proctor ndilo linalonisumbua zaidi. Ukishapiga Proctor, umeshabeba mfuko wa udongo, umeshashindilia, kopo liko mbele yako. Umebakiza kuloweka na kusukuma pistoni. Ni gharama gani basi tuliyookoa?

Na kosa lake la wastani, pointi 4 za CBR, haliko dogo. Mu mwongozo wa CEBTP wa nchi za tropiki, daraja S1 ni chini ya 5, S2 ni 5 mpaka 10, S3 ni 10 mpaka 15. Fomula ikisema 8, udongo unaweza kuwa 4 au 12: madaraja matatu ndani ya jibu moja, na unene wa barabara unabadilika.

Aliniomba pia namba zetu za tekstia ili aongeze sampuli. Nilikataa. Sisi tunatupa mawe yanayozidi mm 2 na tunachoma mboji kwa maji ya oksijeni kabla ya kupima. Barabara haitupi chochote, inakaa juu ya vyote.

Nilimshauri fomula aitumie kuchagua mahali pa kuchimba, basi. Kati ya mashimo apige penetrometa ya mkono, nyundo ya kilo 8 inayoanguka mm 575. Ikizama mm 40 kwa pigo, CBR ni karibu 4,7 kwa ile fomula ya jeshi la Marekani. Nayo ni kukisia, lakini inakisia udongo ulio mahali pake, na maji yake. Aipige wakati wa mvua, juu mu kiangazi kila udongo ni shujaa. Halafu CBR ya kweli mahali pachache, sampuli zisikaushwe.

Nilimrudishia sura na maandishi mekundu kila ukurasa. Alijibu usiku: "We mutu wa mihogo, unaniongezea siku ine." Ndiyo, siku 4 mu maji, kwa kila kopo.