Uzito wa Samaki katika Hifadhi za Mto Ngao

Katika bonde la Salween, kaskazini-magharibi mwa Thailand, vijiji vya Wakaren vilivyo kando ya Mto Ngao vilianza katika miaka ya 1990 kutenga vipande vifupi vya mto ambamo uvuvi umepigwa marufuku. Kwa kuwa hifadhi hizo za maji baridi ni nyingi na zimo katika mto uleule, watafiti walizamia katika 23 kati ya hizo, wakahesabu samaki na kukadiria ukubwa wao, kisha wakafanya vivyo hivyo katika sehemu jirani zinazovuliwa, ili hali ya mto isichanganywe na athari ya marufuku.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba ndani ya hifadhi spishi zilizidi kwa asilimia 27 na msongamano, yaani idadi ya samaki katika eneo, kwa asilimia 124, lakini bayomasi, yaani uzito wa jumla wa samaki hao, ilizidi kwa asilimia 2,247. Ikiwa idadi ilizidi kidogo mara mbili ilhali uzito ulifikia takriban mara 23, basi samaki wa kawaida ndani ya hifadhi alikuwa na uzito wa karibu mara kumi ya yule wa nje. Na hapo ndipo ilipo faida kubwa, kwa sababu nyavu na ndoana huwamaliza kwanza wakubwa, ambao majike yao hutaga mayai mengi zaidi.

Hifadhi kubwa zaidi, na zile zilizo karibu na makazi ambako wanakijiji huona anayevua, ndizo zilizofanya vizuri zaidi.

Hata hivyo, kipande kilichofungwa humlinda samaki anayekaa humo tu. Kwa mfano, Hifadhi ya Mahale nchini Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1985, inajumuisha ukanda wa Ziwa Tanganyika wenye upana wa kilomita 1.6, unaowafaa samaki wa miambani wasiohama, ilhali dagaa na migebuka huzunguka katika maji ya kina nje ya mpaka huo. Kwa samaki wa namna hiyo inafaa zaidi kufunga uvuvi kwa msimu, kama Tanzania ilivyofanya iliposimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024.