Fanani na Fanani Wenzake: Masimulizi ya Majimaji Songea

Uhakiki wa fasihi simulizi humtazama fanani mbele ya hadhira yake, mara chache miongoni mwa fanani wenzake. Masimulizi ya Majimaji yanaonesha hasara ya mtazamo huo. Mwaka 1905 habari ya maji ilifika Ungoni kwa kupokezanwa. Omari Kinjala ndiye aliyeipeleka kwa Nkosi Chabruma.

Mwaka 1969 zilitoka kazi mbili. O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walichapisha, kwa Kiingereza, utafiti wao kuhusu vita hivyo Ungoni, uliotegemea kauli za wazee. Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya *Kinjeketile* kwa Kiswahili. Nabii wa Ngarambe akaingia madarasani na jukwaani. Wazee wa Ungoni wakabaki maktabani. Lugha peke yake haitoshi kueleza tofauti hiyo, wala ustadi wa kusimulia. Tamthilia ilikuwa na mchapishaji, waigizaji na walimu. Mzee alikuwa na mtafiti, ambaye alipomaliza kuandika aliondoka.

Uhusiano wa namna hiyo huchukua hadithi na kumwacha msimulizi. Wenye faida zaidi ni ule wa fanani kwa fanani. Ungoni husimulia manduna, Songea Mbano akiwa mbele, na vitanzi vya mwaka 1906. Ngarambe husimulia maji na ahadi yake. Fanani wa Songea akimsikia mwenzake wa Rufiji, hukabili swali ambalo hadhira ya nyumbani haimwulizi: nani aliyaamini maji, na kwa nini? Kumbukizi ya kila Februari kwenye Makumbusho ya Majimaji, Songea, ingefaa kuwakutanisha, na kila mmoja atajwe kwa jina pale masimulizi yake yanaporekodiwa.