Vidole Visinyooshwe

"Inua," anasema mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na kijana aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu anainua kifundo cha mkono wa kulia. Vidole, ambavyo havikupata amri yoyote, vinajikunja taratibu hadi kidole gumba kinaegemea ubavu wa kidole cha shahada. "Shusha." Vinafunguka tena.

Kijana huyu wa Moshi alianguka kutoka juu ya mparachichi. Uti wa mgongo uliumia shingoni, chini kidogo ya inapotokea neva ya sita. Kiwiko bado anakikunja na kifundo anakiinua, lakini vidole havimsikii. Kinachovikunja ni kano tu, zinazotoka kwenye misuli ya kigasha na kupita kiganjani mpaka vidoleni. Kifundo kikiinuka, zinavutika. Aliyewahi kuchezea mguu wa kuku aliyechinjwa anaijua kazi hii: vuta ule uzi mweupe, kucha zinafumba.

Mtaalamu anauchora mkono kwenye karatasi, anakata kiolezo, anakihamishia kwenye bamba la plastiki litakalokuwa gango la kushikilia mkono. Bamba linaingia kwenye maji ya moto, nyuzi 70 hivi. Baada ya dakika moja analiopoa limelegea kama chapati mbichi, analifuta kwa taulo, kisha analilaza kwanza kwenye mkono wake mwenyewe na kungoja, kwa sababu upande wa kidole cha mwisho kijana hahisi moto. Akiridhika, analizungusha kwenye kiganja na shina la kidole gumba. Analikandamiza kwa kiganja kizima, kwani ncha ya kidole huacha kibonyeo, na kibonyeo huchimba kidonda. Kifundo anakiacha wazi. Kingo anazipindua nje. Robo saa baadaye anavua gango, anatafuta wekundu kwenye ngozi, anapunguza mahali pamoja, upana wa punje ya mchele.

Pembeni, mama wa kijana ameushika mkono wa kushoto na kuanza kuvinyoosha vidole, kama afanyavyo kila jioni kwa huruma.

"Samahani, mama. Tukivinyoosha, kwanza tushushe kifundo. Vidole na kifundo vikinyooka pamoja, kano zinalegea na mshiko unapotea."

Mama anashtuka. Mtaalamu anaushika mkono wa mama, si wa kijana, anauongoza mara tatu, mara nne. Kwangu mimi ufundi wote uko hapa, kujua ugumu upi uachwe. Katika miaka ya 1970 daktari wa upasuaji Erik Moberg wa Uswidi aliifunga kano ya kidole gumba kwenye mfupa wa kigasha, akiutafuta mvuto huu huu.

Kipande cha andazi kinawekwa mezani. Kijana anashusha kifundo, anainua, kimeponyoka. Anarudia. Mara ya nne nimeshanyoosha mkono nikisogeze, mtaalamu ananitazama, naurudisha. Yeye mikono yake ameikalia. Mara ya saba kipande kinapanda, kinatetemeka, kinafika mdomoni.