Jicho la Mkulima Mbele ya Mmea wa Kioo

Mtu aliyekulia Kibwezi, Mbooni au Mutomo, huku Ukambani nchini Kenya, anakuja mbele ya sanaa ya kioo akiwa na ujuzi ambao watazamaji wengi wa mijini hawana: anajua mmea unavyoota maji yakiwa haba. Anajua kuwa waridi la jangwani hunenepa chini, hutunza maji katika shina, kisha mara nyingi huchanua bila jani hata moja. Anajua kiluma, yaani shubiri, hupanga majani yake mazito kwa kuzunguka, jani la zamani likiwa nje na changa likiwa katikati. Anajua ua la mbuyu hufunguka jua linapozama likining'inia kichwa chini, na kesho yake limekwisha kunyauka. Ujuzi huo ndio mizani ninayoipendekeza hapa. Mmea wa kioo usipimwe kwa jinsi ulivyofanana na mmea halisi. Upimwe kwa jinsi ulivyoheshimu kanuni za kuota, na picha utakayoupiga iwe ushahidi wa hilo.

Ushahidi wa kwanza uko katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Huko kuna mimea ya kioo iliyotengenezwa na Leopold Blaschka na mwanawe Rudolf, waliofanya kazi karibu na Dresden, Ujerumani. Walianza mkusanyiko huo miaka ya 1880, na baada ya baba kufariki mwaka 1895 mwana akaendelea peke yake hadi 1936. Vipande ni zaidi ya elfu nne. Wengi husifu kazi hii kwa kusema kwamba mtu anaweza kudhani ni maua ya kweli. Sifa hiyo ni ndogo mno. Tazama matunda ambayo Rudolf aliyatengeneza kati ya 1924 na 1932: mapea na pichi yenye ukungu, madoa na uozo. Mkulima wa maembe wa Makueni, ambaye kila msimu hupambana na nzi wa matunda na madoa meusi ya ugonjwa, ataelewa mara moja ubora wake. Doa halikubandikwa popote ilimradi lionekane. Lina mahali lilipoanzia na upande linakoelekea, na nyama iliyolizunguka imeanza kulegea. Msanii alifuata mwenendo wa tunda, akatuonyesha siku moja katika maisha yake.

Atatokea mtu aseme kuwa kipimo hiki kinawanyima haki wasanii wasioiga mmea wowote. Mfano wao mkubwa ni Dale Chihuly wa Marekani, aliyeonyesha kazi zake katika bustani ya Kew, London, mwaka 2005 na tena 2019. Minara yake ya vioo vilivyopindapinda haina jina katika kitabu chochote cha mimea. Lakini hapo ndipo ukuaji unapokuwa mizani bora kuliko sura. Kioo kikitoka tanurini hutiririka kama asali ya Mwingi: huvutwa na uzito wake, hujazwa pumzi, huzungushwa kwenye bomba kisianguke. Kikivutwa, huwa kinene pale kinaposhikwa na chembamba kinakoishia, sawasawa na mkono wa mtango unaotafuta mti wa kupanda. Kwa hiyo kazi isiyoiga mmea wowote inaweza kuwa hai, na nyingine iliyonakili kila mshipa wa jani ikawa maiti. Uliza swali moja: unene unapungua kwa utaratibu kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha, au ncha ni butu na nzito kama kijiti kilichovunjwa?

Baada ya hapo chunguza mkono wa fundi. Anzia kwenye maungio, kwa kuwa udhaifu hujificha hapo: kikonyo kilichoungwa kikiwa moto huingia katika petali bila ukingo, lakini kilichogandishwa kwa gundi huacha mstari. Rangi iliyo ndani ya kioo hubadilika unapotembea, ilhali iliyopakwa juu hubaki vilevile. Ufa mwembamba ulio ndani, hasa karibu na maungio, huweza kuonyesha kuwa kazi haikupozwa polepole au kuwa viliunganishwa vioo vya aina mbili visivyonywea sawa. Kazi hiyo inaweza kupasuka yenyewe hata baada ya miezi, na uzuri wake hauondoi kasoro hiyo. Viputo ni habari nyingine. Katika karakana ya Kitengela Glass iliyoanzishwa na Nani Croze kaunti ya Kajiado, ambayo mtu wa Wote au Kitui anaweza kuifikia akishika Barabara ya Mombasa, hutumika chupa na vioo vya madirisha vilivyotupwa. Kijani na kahawia vinavyotokana na chupa, pamoja na viputo vidogo, ni asili ya malighafi hiyo. Kosa ni kiputo kikubwa kilichokaa mahali jani linapohitaji nguvu.

Wapo watakaouliza kama haya yana maana katika nchi ya ukame. Yana maana, na mchanga ndio sababu. Kioo huanza kama mchanga, na katika mito ya msimu ya Kitui na Makueni mchanga ndio unaotunza maji mvua zikishapita, hadi Makueni ikatunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Watu wanaojua thamani ya mchanga wana haki ya kudai kwamba uliokwisha kuwa chupa usitupwe shimoni. Kazi nzuri ya kioo kilichoyeyushwa upya ina heshima hiyo ya ziada, na mimi huihesabu katika ubora.

Sasa picha. Zima flashi, maana hugonga uso wa kioo na kurudi kama doa jeupe, kina chote kikapotea. Mwanga utoke nyuma au ubavuni. Mbele ya kitambaa cheusi kingo za kioo hung'aa; mbele ya ukuta mweupe kingo huwa nyeusi, umbo likajichora lenyewe. Nje, jua la adhuhuri la Ukambani ni kali mno, basi piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kwenye simu, gusa sehemu yenye mwanga mwingi kisha punguza mwangaza, kwa kuwa weupe uliopitiliza haurudi tena. Kazi ikiwa ndani ya kabati la kioo, sogeza lenzi hadi karibu kugusa na uvae nguo nyeusi ili usijipige picha mwenyewe. Husemwa kwamba kamera huiba starehe ya kutazama. Humwibia anayepiga kabla ya kutazama. Kwa hiyo zunguka kazi nzima kwanza mikono mitupu, utafute shina linapoanzia. Ukishaliona, toa simu, na picha ya kwanza iwe ya hapo.