Univers 68: unene ndani ya nafasi finyu

Chapa neno "mwamuzi" kwa herufi za Univers 68, kisha lisome ukiwa mbali. Herufi m ina nguzo tatu nene, w inafuata na mistari minne ya mshazari, na zote zimebanwa na kulazwa kulia. Hata hivyo jicho halikwami. Mchoraji wa herufi hizi, Adrian Frutiger wa Uswisi, aliupata usomekaji huo kwa kupunguza wino mahali ambapo msomaji hatambui kuwa umepunguzwa.

Familia ya Univers, isiyo na vijimkia kwenye ncha za herufi, ilitolewa mwaka 1957 na Deberny & Peignot ya Paris. Ilikuwa na sura 21, zilizotajwa kwa namba. Tarakimu ya kwanza ni uzito, ya pili ni upana na mlazo: 55 ni ya kawaida, 67 ni nene na finyu, 68 ni hiyohiyo ikilazwa.

Kuzibana herufi ndiko kwenye kazi kubwa. Ukiibana herufi nene kwa kompyuta hadi asilimia 70 ya upana wake, nguzo hukonda kwa karibu theluthi, lakini mistari ya kulala hubaki na unene wote. Herufi huonekana imefungwa mikanda. Frutiger alichora upya: nguzo zikabaki nzito, mistari ya kulala ikapunguzwa, mbavu za o zikanyooshwa. Tao la n linapokutana na nguzo, mstari hukonda ili wino usijazane kwenye kona.

Kwangu kipimo halisi ni a, na Kiswahili hakiiachi ipumzike: "wanawake", "maandamano". Herufi hiyo hupanga mistari mitatu, mmoja juu ya mwingine, na kati yake lazima nafasi mbili zibaki wazi. Univers inasaidiwa na urefu wa herufi zake ndogo, unaoipa a nafasi ya kupumua. Katika sura zile 21, zilizo nzito kuliko 68 hazikupewa umbo finyu. Nauheshimu sana uamuzi huo, kwani a ingezibwa.

Kulaza nako kuna mtego wake. O ikisukumwa kulia hivihivi tu, hunenepa juu kulia na chini kushoto, na kukonda kwenye pembe nyingine mbili. Katika v, mstari wa kushoto husimama wima zaidi na kunenepa, wa kulia huinama zaidi na kukonda. Kila kosa hurekebishwa kwa mkono, na katika uzito huu hata tofauti ndogo huonekana kwenye bango.

Anayepanga vichwa vya habari vya Kiswahili anaijua thamani ya kazi hii. "Wamewasilisha" ni neno moja, nalo halikubali kukatwa katikati ya ukurasa wa mbele. Herufi finyu huliweka kwenye mstari mmoja bila kupunguza kimo. Pa kuangalia zaidi ni "ng'ombe". Herufi ya sentimita 10 ikilazwa kwa digrii 12, kichwa chake husogea kulia kama sentimita 2. Kwa hiyo alama ya ng' huiegemea o inayofuata, na nyuma yake hubaki pengo juu ya g. Irudishe alama hiyo kushoto kidogo kwa mkono kabla ya kupeleka ukurasa mtamboni.