Nani Aliyaua Mabasi ya Umma?

Katika madarasa ya itikadi, na hata vijiweni hapa Kiboriloni, husikika hoja moja: Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilishindwa kwa sababu lilikuwa mali ya umma. Hoja hii ni nyepesi, na wepesi wake ndio unaoifanya ipendwe.

Mwaka 1974 kampuni ya DMT iligawanywa. UDA ikapewa mji wa Dar es Salaam, KAMATA ikapewa safari za mikoani. UDA ilitakiwa imfikishe mfanyakazi kazini kwa nauli iliyopangwa na Serikali, si na soko. Jambo hilo lilikuwa sahihi. Lakini bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Sisi tunaokaa kando ya barabara ya Himo na Holili hatuhitaji kufundishwa maana yake. Kisha vikaja Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu, na basi la Ikarus kutoka Hungaria halitengenezwi kwa maazimio. Lilihitaji vipuri. Nauli ilibaki ya chini, pengo likabaki bila wa kuliziba, mabasi yakalala yadi.

Hapa hatutetei uzembe. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea ubwana wa viongozi mahali pa kazi, lakini kutaifisha peke yake hakukumpa abiria wa Magomeni nguvu ya kumhoji meneja. Mali ikawa ya umma kwenye karatasi, amri ikabaki ya ofisi.

Mwaka 1983 magari ya watu binafsi, yaliyokuwa yakibeba abiria kwa kujificha tangu enzi za chai maharage, yaliruhusiwa. Nauli ilikuwa shilingi 5, yaani dala. Ndipo likaja jina daladala. Wenye hoja ile huishia hapo, kana kwamba ushindi umepatikana. Sisi tunauliza umepatikana kwa gharama ya nani. Dereva humpelekea tajiri hesabu ya siku. Kinachobaki ndicho riziki yake na ya konda. Kwa mpango huo mwanafunzi mwenye nauli pungufu ni hasara, basi huachwa kituoni. Tusimlaumu konda kwa ukali wake. Ametumwa na hesabu.

Mabasi ya mwendo kasi yalipoanza Kimara hadi Kivukoni mwaka 2016, Taifa lilirudi kwenye swali lile lile la 1974: nauli ikiwa ya chini, nani analipa kilichobaki? Kiboriloni bado hatujaulizwa. Hiace huondoka ikijaa, na mama mwenye mkungu wa ndizi huulizwa kwanza kama ataulipia mkungu.